Siku sita nyuma ya Jesse Brown

Jumatatu, 2 Desemba. Columbus hadi Birmingham

Nimetoka ghalani saa kumi na moja alfajiri, mikono ingali inanuka maboksi. Mdogo wangu alikuwa ananingoja nje, gari limeshapata moto. Nilimwomba kabla hatujashika barabara kuu tupite East Eleventh Avenue, karibu na Chuo Kikuu cha Ohio State. Tulikwenda polepole, bila kushuka. Theluji ilikuwa imetanda barabarani nyembamba kama unga uliopepetwa.

Katika mtaa huu ndiko alikopanga Jesse LeRoy Brown alipofika kutoka Mississippi vuli ya 1944, akikaribia miaka 18. Alikuja kusomea uhandisi wa majengo. Mchana alikuwa darasani, na kwa riziki alisafisha sakafu za duka kubwa la Lazarus, kisha akapata kazi ya usiku ya kupakia mizigo kwenye mabehewa ya Pennsylvania Railroad. Huo ndio mlango nilioingilia mimi katika habari zake. Nilipofika mji huu kutoka Tanga, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kupakia, na bado ninayo. Nikasoma kwamba rubani wa kwanza mweusi aliyefuzu mafunzo ya urubani ya Jeshi la Majini la Marekani alisoma hapa hapa huku akibeba maboksi usiku, nikaacha chai ikapoa.

Lakini kila nilipotafuta kusoma zaidi, masimulizi yalianzia mlimani Korea, Jesse akiwa amebanwa ndani ya ndege iliyoanguka na rafiki yake mzungu akipigana kumtoa. Ni kisa kizito, nami nitakisimulia. Ila mtu aliishi miaka 24 kabla ya mlima ule. Nimechukua siku sita za likizo kuitafuta miaka hiyo.

"Dada, tunakwenda kuzuru kaburi?" mdogo wangu aliniuliza tulipouacha mji.

"Hana kaburi," nikamjibu.

Akanyamaza mpaka Cincinnati.

Pale tulivuka Mto Ohio. Zamani za utumwa huu ulikuwa mpaka: aliyefanikiwa kuuvuka kwenda kaskazini alikuwa amekanyaga ardhi isiyo na utumwa. Na hata 1944, kusini mwa mto huu sheria za majimbo zilimtengea abiria mweusi behewa lake. Jesse alisafiri hivyo kutoka kwao. Sisi tulivuka kwa dakika moja, redio ikiimba, halafu Kentucky yote na Tennessee yote zikapita tukipokezana usukani. Tumelala Birmingham, Alabama. Nimechoka kuandika.

Jumanne, 3 Desemba. Lux na Hattiesburg, Mississippi

Asubuhi tulipita Tuscaloosa, tukaingia Mississippi kwa Meridian. Misonobari pande zote mbili, mirefu, imenyooka kama milingoti. Misitu hii ndiyo iliyowalisha watu wa hapa: walikata mbao na kukinga utomvu wa kutengenezea tapentaini. Baba yake Jesse, John Brown, alifanya kazi ghalani Hattiesburg. Kazi ilipokwisha akahamishia familia Palmers Crossing, kwenye kiwanda cha tapentaini. Mwaka 1938 nako akaachishwa. Wakahamia Lux, kulima shamba la mtu na kugawana naye mavuno.

Tulikwenda Lux kwanza, kwa barabara namba 49. Usitegemee kuona mji. Ni nyumba chache, malisho, kanisa, na kimya. Nilishuka nikasimama kando ya uzio. Ardhi ni nyekundu, na mdogo wangu akasema inafanana na ya Handeni, kweli inafanana.

Jesse na ndugu zake walitembea kama maili tatu kwenda shule ya chumba kimoja. Nyumbani hakukuwa na bomba wala choo cha ndani, na joto lilitoka mekoni tu. Mama yake, Julia, alikuwa mwalimu, na nadhani ndiye aliyewatia watoto ukaidi wa kusoma. Jesse alikuwa na miaka sita baba yake alipompeleka kwenye maonyesho ya ndege. Tangu siku hiyo hakutulia. Karibu na kwao palikuwa na kiwanja cha ndege cha udongo. Akawa haishi kwenda kuchungulia, na fundi wa pale haishi kumfukuza.

Baadaye aliuza magazeti ya Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na huko ndiko alikosoma kwamba wapo weusi walioruka: Bessie Coleman, Eugene Bullard, Alfred Anderson. Mwaka 1937, mtoto wa miaka kumi, akachukua kalamu akamwandikia Rais Franklin Roosevelt kulalamika kwamba Jeshi la Anga halikubali marubani weusi. Ikulu ilimjibu kwamba imethamini maoni yake. Nimelifikiria jibu hilo njia nzima. Mtoto wa kibarua wa kiwanda cha tapentaini anamwandikia Rais, na barua inarudi na muhuri wa Ikulu. Neno la maana halimo, lakini sina shaka aliikunja akaiweka mahali salama.

Hattiesburg tumeingia jua likizama. Kuna joto la kuvaa sweta moja. Mwenye nyumba ya wageni alipotusikia tukiongea alituuliza hiyo ni lugha gani, nikamwambia Kiswahili. Akatuongezea blanketi.

Jumatano, 4 Desemba. Hattiesburg

Leo ndiyo tarehe aliyofariki. Sikuipanga safari kwa ajili ya hilo. Ghala lilinipa wiki hii kwa sababu wiki zijazo ni za msimu wa sikukuu na hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Lakini imeangukia hapa.

Barabara ya East Sixth ndiyo moyo wa mtaa wa weusi wa zamani. Ipo shule ya Eureka, jengo la matofali lililofunguliwa 1921. Jesse aliishi kwa shangazi yake ili aweze kusoma hapa. Alicheza mpira wa kikapu na ule wao wa kukimbia nao mkononi, akakimbia riadha, akamaliza 1944 akiwa wa pili darasani. Hapa pia alimjua Daisy Pearl Nix. Mkuu wa shule, Nathaniel Burger, alimshauri aende chuo cha weusi kama kaka yake Marvin. Jesse akakataa: shujaa wake alikuwa Jesse Owens, mwanariadha mweusi, naye Owens alisoma Ohio State. Alikuwa ameweka akiba ya dola 600 kwa kuhudumia meza kwenye klabu ya askari wazungu. Wanajeshi walijaa mji huu wakati wa vita kwa sababu ya kambi ya Camp Shelby, kusini kidogo.

Mtaa huo huo imo nyumba ndogo ya mbao ya Osceola McCarty. Sikuja kwa ajili yake, lakini siwezi kupita kimya. Alikuwa dobi maisha yake yote, aliacha shule akiwa darasa la sita kumuuguza shangazi yake, na mwaka 1995 akatoa dola 150,000 za akiba yake kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, zisomeshe watoto wasio na uwezo. Senti kwa senti, kwa kufua na kupiga pasi. Mdogo wangu alisimama mbele ya nyumba ile muda mrefu kuliko mahali popote pengine. Mama yetu naye alitusomesha kwa maandazi.

Jumba la makumbusho ya historia ya wanajeshi weusi liko hatua chache tu. Jengo lenyewe lilijengwa 1942 liwe klabu ya starehe ya askari weusi, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuingia ya wazungu. Ndani nilimkuta Jesse. Pichani ameketi katika kiti cha rubani, kofia ya ngozi kichwani, uso wa mtu mpole anayesikiliza. Nilimsalimia kimoyomoyo.

Nilipotoka nilikaa garini, na sasa niandike la mlimani, maana leo ndiyo siku yake.

Mwishoni mwa Novemba 1950, katika Vita vya Korea, majeshi ya China yapatayo askari 120,000 yaliwazingira askari wapatao 30,000 wa upande wa Umoja wa Mataifa, wengi wao wanamaji wa Marekani (Marines, wanaopigana hata nchi kavu), kwenye bwawa la Chosin kaskazini mwa Korea. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Bunduki ziliganda, dawa ziliganda. Tegemeo kubwa la waliozingirwa lilikuwa ndege zilizotoka baharini, na Jesse alikuwa baharini, kwenye meli ya kubeba ndege USS Leyte. Usiku wa tarehe 3 alimwandikia Daisy barua.

Kesho yake, saa saba na dakika 38 mchana, ndege sita za Corsair ziliruka. Jesse aliongozana na Luteni Thomas Hudner, mzungu kutoka Fall River, Massachusetts, aliyekuwa akimlinda ubavuni. Waliruka chini sana, kiasi cha mita 200 juu ya ardhi, wakitafuta askari wa adui. Kwenye kimo hicho hata risasi ya bunduki ya mkononi inatosha. Kama saa nane na dakika 40 mwenzao aliona mvuke ukitoka nyuma ya ndege ya Jesse. Bomba limetobolewa. Injini ilikuwa inakufa, na chini hakuna ila milima. Akaona uwanda mdogo wa theluji ubavuni mwa mlima, akaishusha ndege kwa tumbo. Ikagonga kwa nguvu, mwili wa ndege ukapinda penye kiti cha rubani, ukambana mguu.

Waliobaki hewani walidhani amekufa, mpaka wakamwona anapunga mkono. Moshi ulikuwa unatoka mbele ya ndege. Hapo Hudner alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwamuru: alikunja magurudumu, akaiangusha ndege yake mwenyewe makusudi kwenye theluji, akakimbia kwa mwenzake. Jesse alikuwa amevua kofia na glavu akijaribu kujinasua, na vidole vilikuwa vimeshaganda. Hudner alimvika kofia ya sufi, akamfunga mikono kwa skafu, akachota theluji kwa viganja akiusindilia moshi. Akavuta, akasukuma, mguu haukutoka. Akarudi kwenye redio yake kuomba helikopta ije na shoka na kizimamoto.

Helikopta ilikuja, akiiendesha Charles Ward wa wanamaji. Wawili hao walihangaika kama dakika 45. Shoka lilidunda kwenye bati la ndege. Walifikiria hata kumkata mguu kwa kisu, lakini hawakuweza kufika mahali palipobanwa. Jesse alikuwa akizimia na kuzinduka. Inasimuliwa kwamba hakupiga kelele, na kwamba alimpa Hudner maneno ya kumfikishia Daisy: amwambie anampenda. Giza likaanza kuingia, na helikopta ile haikuweza kuruka milimani usiku. Hudner akamwambia watarudi. Jesse hakujibu tena.

Bibi yangu alikuwa na kaka aliyekwenda baharini na ngalawa haikurudi. Alisaliwa sala ya ghaibu, lakini bibi mpaka anafariki hakuacha kuangalia ufukweni jioni. Nilimkumbuka hapo garini. Mdogo wangu alinyoosha mkono akazima redio, ingawa haikuwa imewashwa kwa sauti.

Alhamisi, 5 Desemba. Pensacola, Florida

Ni mwendo wa saa tatu hivi, kupitia Mobile. Bahari! Baada ya mwaka mzima wa Ohio niliisikia harufu yake kabla sijaiona.

Pensacola ndiko marubani wa majini wa Marekani wanakotengenezwa. Jesse aliingia katika njia hiyo kwa kubisha. Akiwa chuoni aliomba mara kadhaa mafunzo ya urubani akakataliwa. Zama hizo mtu mweusi ndani ya Jeshi la Majini aghalabu alikuwa mpishi au mhudumu wa meza za maofisa. Julai 1946 hatimaye akaandikishwa. Katika wanafunzi 5,600 waliokuwa wakisomea uofisa wa majini vyuoni nchi nzima, weusi walikuwa 14. Machi 1947 akaripoti Glenview, Illinois, kisha Ottumwa, Iowa, kisha hapa.

Makumbusho ya ndege za majini yamo ndani ya kambi yenyewe. Niliitafuta Corsair nikaikuta, na nikaelewa mambo ambayo picha hazisemi. Kwanza, ni kubwa. Injini yake ina silinda 18 na nguvu za farasi zaidi ya 2,000, na panga lake la mbele lina upana wa mita nne. Ili panga lisikwangue ardhi, wahandisi waliyapinda mabawa chini halafu juu, kama mabawa ya ndege wa baharini anapojikunja. Pili, pua yake ni ndefu mno, na rubani ameketi nyuma kabisa. Anapotua haoni mbele. Sasa mweke juu ya meli inayopanda na kushuka na mawimbi, umwambie atue kwa kumtazama ofisa mmoja anayempungia vibao pembeni, na adake waya kwa ndoano iliyo mkiani. Akiukosa, mbele kuna kizuizi, na baada ya kizuizi kuna bahari. Jesse alijifunza kutua melini Juni 1948, juu ya USS Wright.

Mlinzi wa makumbusho, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliniuliza kama nina jamaa aliyerusha ndege hizi. Nikamwambia namfuata Jesse Brown. Alitikisa kichwa kwa heshima, akatusogezea kamba tuione vizuri.

Lakini Pensacola nimeipenda kwa sababu nyingine. Hapa, Oktoba 1947, Jesse alimwoa Daisy kwa siri. Mwanafunzi wa urubani hakuruhusiwa kuoa kabla ya kumaliza, akigundulika anafukuzwa. Fikiria: mtu aliyekuwa akitazamwa na kila jicho, wengine wakiomba akosee, wakimtukana usoni, anahatarisha yote kwa ajili ya msichana wa Eureka. Katika habari zake zote hili ndilo linaloniambia alikuwa nani. Ujasiri wa mlimani ulimjia kwa kukosa njia. Huu wa Pensacola aliutaka mwenyewe.

Tarehe 21 Oktoba 1948, akiwa amehamishiwa Jacksonville, alivishwa mabawa ya dhahabu. Miezi mitatu kabla, Rais Truman alikuwa ametia saini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini. Desemba hiyo akazaliwa binti yao, Pamela. Aprili 1949 Jesse akapata uofisa, akapangiwa kikosi namba 32, Quonset Point, Rhode Island. Huko ndiko Hudner alikomkuta mwishoni mwa mwaka. Hudner alisimulia kwamba siku ya kwanza, chumba cha kubadilishia nguo, Jesse alimsalimia kwa mdomo lakini hakunyoosha mkono, asije akamfedhehesha mzungu mgeni mbele ya wenzake. Hudner akapita chumba kizima akamfuata, akampa mkono.

Jioni tuliketi ufukweni, mchanga mweupe kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Tulikula samaki wa kukaanga. Mdogo wangu akasema, "Dada, huyu bwana aliishi." Basi, hilo nilikuwa nimelisubiri tangu Jumatatu.

Ijumaa, 6 Desemba. Njiani, Alabama na Tennessee

Mvua kutwa. Usukani ulikuwa wa mdogo wangu, nami niliandika yaliyofuata, kwa sababu yapo.

Hudner aliomba arudi mlimani kumchukua mwenzake. Alikatazwa: wangekufa wengine. Siku chache baadaye ndege za Leyte zilirudi pale. Kutoka juu marubani waliuona mwili ungali umekaa mahali pake. Ili usiangukie mikononi mwa adui, waliichoma ndege kwa mabomu ya moto, huku wakisali Baba Yetu redioni. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazishi yake.

Tarehe 13 Aprili 1951 Truman alimvisha Hudner Nishani ya Heshima, kubwa kuliko zote, Ikulu, na Daisy alikuwepo. Jesse alitunukiwa Msalaba wa Urukaji Uliotukuka baada ya kufa. Daisy alirudi Mississippi akawa mwalimu, kama mama mkwe wake, akaolewa tena, akamlea Pamela. Mwaka 1973 meli ya kivita USS Jesse L. Brown ilianza kazi. Ikatumika hadi 1994, kisha ikaenda Misri.

Na Julai 2013, Hudner, mzee wa miaka 88, alipanda ndege mpaka Pyongyang kuomba aoneshwe mlima. Wenyeji wake walimwambia mvua zimefunga njia, arudi Septemba. Daisy alifariki Julai 2014. Hudner alifariki Novemba 2017, akazikwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi. Mwili wa Jesse haujarudishwa nyumbani.

Tumelala kusini ya Nashville.

Jumamosi, 7 Desemba. Columbus

Tulivuka Mto Ohio saa nane mchana, theluji ikianza kudondoka. Nilimwomba mdogo wangu tupite tena East Eleventh. Safari hii nilishuka. Wanafunzi wawili walikuwa wakibeba mafurushi ya nguo kwenda kufua, wakicheka, na mmoja alikuwa hana glavu. Nilitembea toka mwanzo wa mtaa hadi nilipochoka na baridi, nikamsomea Jesse dua, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoombea waliokufa.

Saa nne usiku nilikuwa ghalani. Lori la kwanza lilikuwa limeshafunguliwa milango.